ELIMU YA VIUMBE: Milia ya Punda, Meno ya Twiga

Nani katika Kongo asiyesikia habari za okapi, mnyama wa msitu wa Ituri? Lakini je, mwajua ya kuwa wenye elimu walipompa jina mara ya kwanza walimhesabu kuwa punda? Tutazame walivyopotea na walivyorudi njiani, maana ndivyo tutakavyofahamu jinsi viumbe wanavyopangwa katika koo zao.

Wambuti walimjua mnyama huyu tangu zamani. Mwaka 1900 Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika Uganda, aliingia msituni kumtafuta. Wenyeji wakamwonyesha nyayo zake: kwato zilizopasuliwa kati. Johnston hakusadiki. Moyoni mwake alikuwa akitafuta punda wa mwituni, na punda ana ukwato mmoja mzima. Basi akapata vipande viwili vya ngozi yenye milia, vilivyokwisha kukatwa kuwa mikanda, akavipeleka London.

Huko, mwaka 1901, bwana Philip Sclater alimwandika mnyama huyo Equus johnstoni, akatia na alama ya kuuliza.

Jina la namna hii lina sehemu mbili, kwa kanuni ya Msweden Linnaeus. La kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Equus ni ukoo wa farasi, punda na punda milia. Kwa hiyo kumpa mnyama jina ni kukata hukumu: huyu ni ndugu wa nani? Na hukumu yataka mashahidi. Mikanda miwili haikutosha.

Mashahidi wakafika mwaka ule ule. Karl Eriksson, ofisa Msweden aliyetumika Kongo, alimpelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Kwato zilikuwa zimepasuka, kama wenyeji walivyosema. Tena meno ya chonge ya taya la chini yalikuwa na ncha pana zilizogawanyika mbili, kama ya twiga. Johnston akadhani sasa kwamba amemwona Helladotherium akiwa hai, yaani jamaa wa twiga aliyetoweka zamani sana, ambaye mifupa yake iliyogeuka jiwe ilichimbuliwa Pikermi, katika Ugiriki. Lakini Ray Lankester, mkuu wa jumba la makumbusho ya viumbe huko London, aliyalinganisha mafuvu kwa uangalifu, akaona kwamba huyu si punda wala si yule wa Ugiriki. Akamwekea ukoo wake mwenyewe katika jamaa ya twiga: Okapia. Jina la pili halikufutwa, maana kanuni husema aliyetangulia kuiita aina ahifadhiwe neno lake. Ndiyo sababu hata leo twaandika Okapia johnstoni.

Wanafunzi, lishikeni jambo hili. Viumbe waliogeuka jiwe hawana tena ngozi wala milia. Mara nyingi yabaki meno na vipande vya mifupa tu, na kwa hayo wataalamu hutambua ndugu zao. Rangi yaweza kufanana kwa viumbe wasio ndugu, bali jino na ukwato hutoa ushuhuda ulio imara zaidi.

Na tusisahau kwamba shahidi wa kwanza alikuwa unyayo katika tope la Ituri. Wenyeji waliusoma sawasawa. Mgeni aliyekuja na jawabu lake tayari ndiye aliyeupita.