UMELETA MTOTO WA MBWA NYUMBANI? HUYO NI AMANA



Ndugu zangu Waislamu, hasa nyinyi wafugaji wa Tarime na Serengeti. Wapo kati yenu mnaoleta watoto wa mbwa wakubwa, jamii ya German Shepherd na machotara wake, wakue walinde mazizi. Wiki haijaisha, malalamiko yanaanza: ametafuna ndala, amekimbiza vifaranga, ametia mdomo kwenye sufuria. Kinachofuata ni fimbo. Tuzungumze kabla hujaiinua.

KWANZA, HUKUMU. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda. Wanavyuoni wengi wa madhhab ya Shafi wameingiza humo ulinzi wa nyumba, na kauli yenye nguvu inaruhusu kumlea angali mdogo ili afundishwe kazi hizo. Basi anayelinda ng'ombe wake dhidi ya wezi na fisi hana lawama. Anayefuga kwa fahari ya kupiga picha, ajihesabu.

PILI, MIPAKA. Alale nje karibu na zizi, si sebuleni. Awe na chombo chake. Akilamba sufuria au kanzu, ioshwe mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Lakini akikugusa mkavu nawe mkavu, hakuna najisi. Najisi inaondolewa kwa maji, haiondolewi kwa mateke.

TATU, MALEZI. Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 meno yake ya utoto yanang'oka na mapya yanaota. Fizi zinamuwasha, ndiyo maana anatafuna. Hakufanyii jeuri. Weka ndala zako juu, mpe kipande cha ngozi ngumu ya ng'ombe atafune. Mzoeze jina lake, mzoeze kuku na mbuzi akiwa kwenye kamba, na akitii mpe kitu. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Allah ametuhalalishia windo la mbwa aliyefundishwa. Tazama elimu inavyompa daraja hata mnyama!

Mtasema: "Sheikh, asipopigwa na kufungwa mchana kutwa hatakuwa mkali." Mimi sikubaliani. Mbwa wa namna hii akikomaa anafika kilo 30 hadi 40. Ukimlea kwa woga, woga huo utakua naye, na wa kwanza kung'atwa hatakuwa mwizi, atakuwa mtoto wako anayepita na kibuyu cha maziwa. Mlinzi ni yule anayewajua watu wake. Na mkumbuke yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, na yule mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

NNE, CHANJO. Akifika miezi 3 mpeleke kwa afisa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, na irudiwe kila mwaka. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni mauti. Mtu aking'atwa, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Muulizeni pia chanjo ya distempa. Mwaka 1994 maradhi hayo yaliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliyahusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Uzembe wa boma moja unavuka mpaka wa hifadhi.

Ndugu yangu, kama huna nafasi ya kumlisha, kumfundisha na kumchanja, usimlete. Ukishamleta, utaulizwa juu yake.

Habari ya bei ya mbwa ni mlango mwingine, tutaufungua siku nyingine inshaallah.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mfugaji mwenzako.