Tuambiane mapema jamani

Huku Sydney mie mzima, ndio nimetoka zamu ya usiku. Kabla sijalala nina langu la moyoni.

Mnakumbuka Marburg ya Biharamulo, Januari 2025? Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari, nyumbani tukaambiwa vipimo havionyeshi kitu. Tarehe 20 ndipo Rais Samia akathibitisha. Siku zote hizo nampigia simu mdogo wangu, nesi hukohuko Kagera: "Glovu mnazo?"

Sasa oneni Uganda, Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 alivuka na familia yake toka Kongo akiwa na ebola, akafia Kasese. Lakini Kongo ilishatangaza ugonjwa tangu 2018, Uganda ikawahi kuchanja wahudumu wake wa mpakani. Haukuenea.

Kagera imepakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Tukinyamaza, jirani atajiandaaje? Najua tunaogopa watalii watakimbia. Jamani, mtalii akikimbia atarudi. Nesi akizikwa harudi.

Mnasemaje wenzangu? Wacha nikalale.