Mazungumzo ya Nyumbani: Krismasi ya Mikono Yetu Wenyewe



Mwezi huu wa Desemba liko neno moja lisumbualo nyumba nyingi, wala halisemwi wazi. Baba ahesabu fedha zake, aona hazitoshi kwa nguo mpya, mchele na nyama. Naye aona haya mbele ya majirani. Basi huenda kukopa. Sikukuu hupita kwa siku moja, bali deni hubisha hodi mwezi wa Januari, wakati ule ule shule zifunguliwapo na watoto watakapo sare na madaftari. Kwa hiyo na tuzungumze habari za Krismasi isiyonunuliwa dukani, tuone kama ni duni au sivyo.

Katika Marekani, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Lehigh, walikaa Wakristo wa kanisa la Moravian, ndilo kanisa ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1741 walikuwa wachache, na nyumba yao ilikuwa moja, imejengwa kwa magogo. Watu walikaa upande mmoja na mifugo upande wa pili, chini ya paa moja. Usiku wa tarehe 24 Desemba walikuwa wakisali pamoja na mgeni wao, Zinzendorf, kabaila wa Ujerumani. Ndipo wakaondoka, wakaingia upande wa ng'ombe, wakaimba huko habari za Bethlehemu. Tangu usiku ule makao yao yakaitwa Bethlehem. Hawakuwa na pambo lo lote. Walikuwa na zizi, nalo likawatosha.

Mji ulipokua, watu wake walishika desturi za namna ile ile. Nyumbani hutengeneza mfano wa zizi, nao huuita putz. Huokota msituni visiki, mawe, na majani mabichi yaotayo juu ya miamba. Huchonga wanyama na wachungaji kwa mti. Kisha mkubwa mmoja huwasimulia watoto habari yote tangu mwanzo, akionyesha kwa kidole. Majirani hutembeleana nyumba kwa nyumba kutazama.

Kanisani hula karamu ya upendo: mkate mdogo na kinywaji cha moto, sawasawa kwa kila mtu, mwenye mali na asiye nayo. Halafu kila mmoja, hata mtoto, hupewa mshumaa wa nta ya nyuki uliozungushiwa karatasi nyekundu, ili nta isidondoke mkononi. Asili ya mishumaa hiyo ni Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747, watoto walipopewa kila mmoja mshumaa wenye utepe mwekundu. Hata leo, siku nyingi kabla ya sikukuu, watu huketi pamoja kuivisha mishumaa karatasi zake. Basi yule aliyekata karatasi hawi mgeni katika ibada ile. Sehemu ya nuru ni kazi yake.

Mji huo wa Bethlehem sasa ni mkubwa. Mwaka 1937 wenye biashara waliuita Mji wa Krismasi, wakawasha taa nyingi njiani. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, kikalisha maelfu ya watu. Nacho kikaacha kuyeyusha chuma mjini humo mwaka 1995. Mishahara ile ikakoma. Zizi la visiki na mshumaa wa nta havikukoma, kwa kuwa vilikuwa vimekaa katika mikono ya watu, na mama alikwisha kumfundisha binti yake.

Nasi je, tumepungukiwa na nini? Unyamwezini watu hurina asali katika misitu ya miombo, na nta yapatikana. Udongo wa kufinyangia ng'ombe na kondoo uko mtoni bure. Ukindu wa kusukia watoto waujua. Nanyi walimu, fahamuni ya kuwa ile nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, inayotundikwa na Wamoravian wakati wa kumngojea Bwana, ilianza katika karne ya 19 kama somo la hesabu za maumbo, katika shule ya wavulana huko Niesky, Ujerumani. Karatasi, gundi na kipimo kizuri vyatosha. Waacheni watoto wapime na kukunja wao wenyewe, hata zikipinda.

Lakini liko neno kwa akina baba. Sikukuu ya mikono isiwe mzigo wa mama peke yake. Kama yeye ndiye ateka maji, apika, asuka na kufagia, huku wengine wamekaa wakingoja kuitwa mezani, hiyo si kazi ya nyumba nzima. Baba naye achonge punda mmoja.

Hatusemi kununua nguo ni dhambi. Mwenye fedha na anunue, amshukuru Mungu. Twasema tu kwamba asiye nazo asikope ili aonekane. Mwanawe atasahau upesi shati la Desemba. Bali ng'ombe wa udongo aliyemfinyanga pamoja na baba yake, akamweka mwenyewe karibu na hori, hatamsahau, na siku moja atamfundisha mwanawe kufinyanga wake.