Tajiri Hulala, Maskini Hulipa

Katika mambo yaliyoenea baina ya wafanyi biashara wetu wa pwani ni itikadi kuwa mtu hawezi kukamilisha shughuli zake Nairobi ila ashukie hoteli ya nyota tano, na ila awalishe anaotaka kupatana nao katika mikahawa ambayo sahani moja hupita ujira wa kibarua wa siku nzima. Akiulizwa sababu, hujibu kwa kifupi: "Hiyo ndiyo biashara." Neno hili si kweli, na madhara yake hayamfiki msemaji peke yake.

Kwanza tubainishe tusilolikusudia. Hatusemi kuwa safari ya biashara ni mbaya. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Quraysh, imezitaja safari za watu wa Makka za siku za baridi na za siku za joto kuwa ni katika neema walizoneemeshwa. Wala hatusemi msafiri alale barazani. Kitanda safi, mlango wenye kufuli, maji na chakula cha halali ni haki yake. Tunalolipinga ni fahari iliyovishwa kanzu ya haja.

Biashara hatukuanza kuijua jana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kuwa chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyi biashara mmoja na kusema kuwa huyu ni mgeni wake. Mgeni hushukia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Aliyemnunulia mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia mwenyeji wake hayupo, mapatano yake hayakukubaliwa. Jee, iko hoteli leo inayomdhamini mgeni wake namna hiyo? Uaminifu ulijengwa juu ya dhamana ya mtu anayejulikana na majirani zake.

Hoteli kubwa za Nairobi zina asili nyingine. Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi na wasafiri wa Kizungu. Zama hizo Mwafrika aliingia kutumika, hakuingia kuwa mgeni. Baadaye mlango ulifunguliwa, na hilo lilikuwa haki. Lakini wengi walidhani kuwa kukikalia kiti cha mkoloni ndiyo heshima yenyewe, na hadi leo wanakilipia.

Watasema: "Bila ya hoteli hizo biashara itasimama." Mwaka 2020 ulitoa jawabu. Tangu Aprili hadi mwanzo wa Julai serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa kwa maradhi ya korona, lakini shehena hazikuzuiwa. Malori yalipakia bandarini, bei zikapatanwa kwa simu, fedha zikapelekwa kwa benki na kwa M-Pesa. Mwaka huo huo hoteli ya InterContinental ya Nairobi ilifungwa. Na Hilton, iliyokuwako tangu 1969, nayo ikafungwa mwisho wa mwaka 2022. Walioumia ni watumishi waliopoteza kazi, na hao tunawahurumia. Ama mchele na saruji, havikukosa mnunuzi kwa sababu hiyo.

Na atakayesema kuwa israfu yake inawalisha watumishi, tunamjibu: mpishi haongezewi mshahara kwa nyama inayorudi jikoni kutupwa.

Basi tuulize, nani hulipa? Gharama za safari huandikwa katika daftari la duka, na kila kilichotoka dukani hutafutiwa njia ya kurudi. Hurudi kwa bei, na mama anayenunua kilo ya unga Likoni akawa amelilipia karamu la watu asiowajua. Bei isipopanda, hukatwa katika ujira wa wachukuzi, au katika matumizi ya nyumbani, mke akaambiwa, "Bana, biashara ni ngumu." Tajiri hulala, maskini hulipa.

Liko jingine zito zaidi. Mtume s.a.w. ameonya tusikae kwenye meza inayozungushiwa ulevi. Mwislamu husema, "Mimi nimekunywa maji tu." Na chupa ya wageni wake ameilipa nani? Mkononi hana gilasi, lakini bili ina jina lake. Tena tumefundishwa kuwa chakula kibaya kabisa ni cha karamu inayoitiwa matajiri wakaachwa maskini. Karamu za mapatano huitiwa nani, ila matajiri?

Wala tusiwanyooshee kidole wasafiri tu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kuwa chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilifika tani milioni 1,050. Asilimia 28 ilitoka mahotelini, mikahawani na kwa wauzao chakula, na asilimia 60 majumbani. Mtoto aliyezoea kuona sinia ya biriani ikimwagwa nyumbani, akikua akapata daftari la duka, atamwaga zaidi Nairobi.

Tunalolitaka halina uzito. Msafiri na ashukie nyumba ya wageni iliyo safi na ya heshima. Mapatano yafanyike mchana, ofisini au dukani, penye mizani na hati. Akitaka kumkirimu mwenziwe, amwalike kwake na amlishe kilichopo kwa uso mkunjufu. Fedha itakayobaki awape haki yao wachukuzi na makarani kabla jasho lao halijakauka.

Nanyi mlio majumbani, akirudi msafiri wenu msimuulize hoteli aliyolala ilikuwa na ghorofa ngapi. Muulizeni imegharimu nini, na ni nani aliyelipa. Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu, na aibariki chumo yetu. Amin.