Riwaya ya Bukavu isifungwe ndani ya Tram 83

Mwandishi anayetaka riwaya yake ichapishwe Marekani au Uingereza kwa kawaida huanza kwa kumwandikia wakala, yule anayekitafutia kitabu mchapishaji na kulipwa sehemu ya mapato. Katika barua hiyo hutaja vitabu kama viwili vinavyofanana na chake, vilivyotoka miaka ya karibuni. Kwa Mkongomani ni rahisi kukimbilia Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila.

Ni kosa. Kitabu hicho ni kizuri sana, lakini kilitoka 2014, na wakala anataka kujua wasomaji wa leo wananunua nini. Tena ni kitabu cha baa, jazz na machimbo. Aliyeandika juu ya mama muuza sambaza wa Bukavu, ambaye mume wake hasemi naye tangu harusi ya binti yao, anafanana nacho kwa lipi? Kwa uraia tu. Wakala ataifungua riwaya yake akitafuta migodi na bunduki, asipoziona ataifunga.

Afadhali ataje Jacaranda ya Gaël Faye, ya 2024. Si kwa sababu Rwanda iko hapo ng'ambo ya Ruzizi, ila kwa sababu ndani yake kuna mama asiyetaka kusema. Cha pili kinaweza kutoka Nigeria au hata Ireland, mradi kiwe cha ndoa iliyonyamaza.

Shida ni kuvipata vitabu hivyo vipya ukiwa Bukavu. Kurasa za kwanza zinazosomwa bure kwenye intaneti hazionyeshi kitabu kinaishaje.