Njia ya chumvi ya Katwe ingewafikisha watalii Bwera

Pale Kikorongo, kusini mwa mji wa Kasese, barabara inagawanyika. Malori ya saruji, mchele na sabuni hukata kwenda magharibi, yakielekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Magari ya watalii huendelea kusini, kuelekea Katunguru na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Waliomo ndani yake mara nyingi ndio wale wale waliokuwa Mlima Rwenzori siku chache zilizopita, wakitembea kwa makundi kwenye matope na kulala katika vibanda baridini. Leo wanakwenda kutazama simba, keshokutwa wako Bwindi au Entebbe. Bwera wanaisikia kwa jina tu, na wakiisikia huwa ni habari za waasi.

Naamini wafanyabiashara wa Bwera na Kasindi wanayo bidhaa ya kuwauzia watu hawa, na bidhaa hiyo ni njia yao wenyewe ya biashara.

Tuanze na mlima, kwa kuwa ndio unaowaleta. Mzunguko wa zamani unaanzia Nyakalengija na huchukua takribani wiki moja. Ule wa Kilembe, uliofunguliwa upya mwaka 2009, huchukua kama siku nane kwa anayetaka kufika kilele cha Margherita. Hii si likizo ya kukaa kivulini. Kundi la wageni wanane huweza kuhitaji wapagazi wengi kuliko wageni wenyewe, maana chakula, majiko, blanketi na kamba zote hupanda mabegani mwa watu. Viatu vya ngozi vya bei kubwa walivyonunua kwao hushindwa na tope, nao huishia kuvaa gambuti kama mkulima yeyote wa Kasese. Kwa hiyo vijana wa Kilembe na Ibanda wanapata ujira, na wauza viazi, kabichi na gambuti wa Kasese wanapata chochote. Hapo mnyororo unakatika. Mwenye duka Bwera haoni hata shilingi.

Na huo mlima si wa Uganda peke yake. Mpaka na Kongo unapita juu kabisa, na Margherita, mita 5,109, ndiyo sehemu ya juu zaidi ya nchi zote mbili. Mgeni anaweza kusogea hatua chache pale kwenye barafu akawa amekanyaga Kongo, na hakuna ofisa uhamiaji wa kumgongea muhuri. Akitaka kuikanyaga nchi hiyo hiyo huku chini, penye soko, chakula na watu wa kuzungumza nao, mambo hubadilika. Viza ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 na siku 90, ni ya Uganda, Kenya na Rwanda. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini viza hiyo haikuongezwa upande wa magharibi. Kwa mzigo mdogo Jumuiya ilibuni cheti rahisi cha uasili, usizidi dola 2,000, ili mchuuzi asisumbuliwe na makaratasi ya mwenye kontena. Maharage yalifikiriwa. Mtu anayetembea na begi mgongoni bado.

Mfano wa jinsi njia ya biashara inavyogeuka kuwa mali ya utalii nautoa mbali kidogo, Japani. Zamani ilikuwepo barabara iitwayo Nakasendo, iliyounganisha Kyoto na mji ambao leo ni Tokyo kwa kupitia milimani. Ilikuwa na vituo 69 ambapo wasafiri na wachukuzi walipumzika, wakala, wakabadilisha farasi. Zama za reli zilipokuja, kijiji cha Tsumago, kimojawapo cha vituo hivyo, kilibaki kimepooza na vijana wakahama. Miaka ya 1960 na 1970 wenyeji walianza kukarabati nyumba zao za mbao, wakakubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Nyaya za umeme zikafichwa, magari yakazuiwa mchana katika mtaa mkuu. Leo makundi kutoka dunia nzima hulipa ili kutembea kilomita 8 tu kati ya Magome na Tsumago. Wanalala katika nyumba za wenyeji, wanakula wanachokula wenyeji, na wapo wanaolipa ada ili begi lao litangulizwe kijiji kinachofuata. Huko nako kuna mlima maarufu wa Fuji, lakini hawakuuachia mlima ufanye kazi yote.

Sasa turudi Katwe. Ziwa lile la chumvi lilikuwa likilisha eneo hili kabla Mzungu hajafika. Chumvi yake ilibebwa kwa vichwa na kwa mitumbwi hadi Kongo na kwingineko, na tawala za Bunyoro na Tooro ziligombana kwa ajili yake. Lugard alipopita mwaka 1891 alijenga ngome hapo, na hakufuata mandhari. Mpaka leo watu wa Katwe wana vijaruba vyao vya chumvi, wanasimama kwenye maji makali wakivuna, na sehemu ya mavuno huvuka kwenda Kongo. Yaani wewe unayepeleka gunia la chumvi Kasindi unaendeleza biashara yenye umri mkubwa kuliko mpaka unaouvuka. Hiyo ni historia ambayo mtembezi wa Nakasendo angeilipia, na haijawekewa hata kibao.

Ninachokiona ni safari ya siku tatu kwa kundi linaloshuka mlimani. Siku ya kwanza Katwe, pamoja na wavunaji chumvi. Kutoka huko hadi Kikorongo ni ndani ya hifadhi na wanyama wapo, kwa hiyo kipande hicho ni cha gari. Nisisikie mtu anataka kukipita kwa miguu. Siku ya pili wapande vilima vya Kyarumba, kwa wakulima wa kahawa ya arabika ambao vyama vyao vya ushirika vimejitafutia wanunuzi hadi ng'ambo. Huko ndiko watembee, shamba kwa shamba, na kulala. Siku ya tatu washuke Bwera, waone soko la Mpondwe na mto Lhubiriha ambao ndio mpaka. Wasikie Lhukonzo cha upande huu na Kinande cha upande wa pili, lugha ambazo wenyewe wanaelewana bila mkalimani, na Kiswahili kikiwaunganisha na wengine wote. Waelezwe pia kwamba Rwenzururu, jina la ufalme uliotambuliwa rasmi mwaka 2009, linatokana na neno la wenyeji la theluji, na kwamba kwa Wakonzo theluji hiyo ni makao ya Kitasamba. Mgeni ametoka kuikanyaga juzi bila kuambiwa.

Nani atauza nini? Mwenye vitenge anajijua. Mwenye bodaboda atabeba mabegi kutoka Kyarumba hadi Bwera, kazi ile ile wanayolipana Wajapani. Mama wa bondo na samaki wa Ziwa Edward hana haja ya kujifunza kupika tambi. Penye shida ni malazi. Nyumba nyingi za wageni za Bwera zimezoea dereva wa lori anayefika usiku na kuondoka alfajiri, na hakuna ubaya katika hilo, ila kundi la watembezi linataka choo safi, maji ya moto ya kuoga na bei iliyoandikwa ukutani. Hoteli ya nyota haihitajiki. Bei inayopanda mgeni anapofungua mdomo, hiyo ndiyo itaua mpango huu kabla ya waasi.

Na waasi si jambo la kupita juu juu. Tarehe 16 Juni 2023 waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huo huo watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya Queen Elizabeth. Mtu anayesema utalii wa Bwera ni rahisi hajazungumza na wazazi wa Mpondwe. Ndiyo maana safari ninayoieleza inaishia ukingo wa mto wa upande huu, na kila kundi lipitie kwa wenye dhamana ya usalama kwanza. Wakisema siku hiyo hapana, iwe hapana.

Lakini kumbukumbu nayo ni muhimu. Hifadhi ya Rwenzori yenyewe, upande wa Uganda, ilifungwa mwaka 1997 kwa sababu ya waasi hao hao na haikufunguliwa hadi 2001. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1999, ikaiondoa 2004. Virunga, iliyo upande wa pili wa mlima huo huo, imo katika orodha hiyo tangu 1994. Ikitulia, njia ya kupanda kutokea Mutwanga itarudi, na wageni watataka kupanda upande mmoja na kushukia mwingine. Tukisubiri siku hiyo ndipo tuanze kujadili viza, tutapoteza miaka mingine. Sekretarieti ya Arusha inaweza kuanza kuijadili sasa, ikianza na pasi ya kundi, ya siku chache, kwa mpaka mmoja tu.

Yapo pia yasiyohitaji Arusha. Sheria ya Uganda inazitaka jamii zinazopakana na hifadhi kupewa asilimia 20 ya viingilio. Wafanyabiashara wa Bwera hawajazoea kuhudhuria vikao vinavyogawa fedha hizo, kwa kudhani ni mambo ya wakulima wanaolalamikia tembo. Waende. Waombe njia za miguu, vibao na vyoo. Kampuni zinazopandisha wageni mlimani nazo hupanga ratiba zao miezi mingi kabla, na msimu wa ukavu wa kupanda ni Juni hadi Agosti, kisha Desemba hadi Februari. Chama cha wafanyabiashara kinachotaka kundi la kwanza kinatakiwa kuwa na karatasi moja mkononi: kitanda bei gani, chakula bei gani, mwongozaji nani, begi kilo ngapi kwa bodaboda, na simu ya mtu mmoja anayepokea.