KAZI ZA JUMAMOSI NI ZA NANI?

Katika gazeti letu la shule natoa maoni yangu juu ya jambo nililojifunza muhula huu nje ya darasa.

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya siku mbili kwenda nyumbani kuchukua mahitaji. Nilipanda basi Tarime, nikavuka Mto Mara, nikafika kijijini kwetu wilayani Serengeti Ijumaa jioni. Mkobani nilikuwa na viporo vya kazi: hesabu ishirini, ramani moja ya Jiografia, na masomo ya Kemia niliyoyakosa nilipougua malaria.

Jumamosi nilikaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Hata jua lilipotua, hesabu zote nilikuwa nimezimaliza na Kemia nimeinakili. Nikamwambia mama kwa majivuno, "Leo nimefanya kazi." Mama akanijibu taratibu, "Vema, mwanangu. Na maji uliyooga, aliyafanyia kazi nani?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa, naye mwisho wa mwaka ana mtihani wa taifa kama mimi. Siku ile alikwenda kisimani mara tatu, akapeleka mihogo mashineni, akafua nguo, na sare zangu zikiwamo, kisha akapika. Alifungua daftari lake saa tatu usiku. Saa tatu na nusu nilimkuta amelala juu yake, na taa inawaka.

Jumapili nilichukua dumu nikaenda kisimani. Vijana wenzangu walinicheka, wakauliza kama nimeolewa. Sikatai kwamba niliona haya. Tena ramani yangu sikuimaliza; niliichora huku bwenini usiku wa Jumatatu. Lakini mdogo wangu alisoma mchana kweupe, saa tatu nzima.

Wako watakaosema kwamba kwetu Wakurya kijana aliyetahiriwa hachoti maji wala haingii jikoni. Nawaheshimu wazee wetu. Lakini tukumbuke kwamba zamani kijana naye alikuwa na zamu yake: alichunga ng'ombe kutwa na kuwalinda wasiibwe. Mzigo uligawanywa. Leo sisi wavulana tuko shule, zamu yetu tumeiacha. Wasichana nao wako shule, lakini zamu yao bado wanayo. Basi mila tunayoitetea imebaki nusu, na nusu iliyobaki ni ile inayotupumzisha sisi.

Tena hapa shuleni twafagia, twafua, twateka maji, wala hakuna anayecheka. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu, alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka masomo na kazi ya mikono viende pamoja. Mwaka 1974 likafuata Azimio la Musoma, nalo likatilia mkazo jambo hilo. Kwa nini basi mkono ulioshika fagio bwenini uwe mzito ufikapo nyumbani?

Shauri langu ni dogo. Ndugu zangu wavulana, mwendapo nyumbani, kazi za asubuhi tuzifanye pamoja na dada zetu, ili mchana wote tufungue vitabu. Nanyi wazazi wetu, mwaka 2016 Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne kwa wavulana na wasichana sawasawa. Ada imeondoka, lakini msichana asiyepata saa ya kusoma bado analipa. Mpeni saa mbili za mchana kila Jumamosi na Jumapili.

Kama nimekosa, wasomaji wanisahihishe katika toleo lijalo. Lakini kwanza wahesabu ni nani aliyeteka maji nyumbani kwao Jumamosi iliyopita.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne